Mafuta Yakiisha Injini Itapata Cha Kuchoma, Swali Ni Nani Atakipata

Kila bei ya mafuta ikipanda linarudi swali lile lile, siku mafuta yakiisha duniani haya magari ya petroli na dizeli yatatembea kwa nini? Majibu yanakuja fasta, huyu anasema ethanoli, yaani spiriti ya miwa au mahindi, yule anasema haidrojeni, mwingine anakwambia Wajerumani wameshatengeneza petroli kwa maji na hewa kwa hiyo tulieni tu. Wote wana ukweli ndani yake maana injini ya pistoni haichagui sana, chochote kinachoweza kugeuka mvuke au gesi, kikachanganyika na hewa na kikawaka kwenye silinda kwa wakati, kitaisukuma. Ila kwa mtazamo wangu tunaliuliza swali kinyumenyume. Cha kuchoma kipo, tena cha aina nyingi. Kisichokuwepo ni wingi wa kutosheleza magari zaidi ya bilioni moja yaliyoko barabarani leo, na hapo ndo pa kujadili, kwa sababu kitakachopatikana kitakuwa na foleni na gari dogo la mtu binafsi sioni likipewa nafasi ya mbele kwenye hiyo foleni.

Kwanza kuhusu hayo mafuta kuisha. Hakuna siku watu wataamka waambiwe tone la mwisho limechotwa jana. Akiba iliyothibitishwa duniani ni mapipa kama trilioni 1.7, na dunia inachoma mapipa kama milioni 100 kila siku, ukipiga hesabu unapata miaka 46 au 47 hivi, na hiyo ndo namba inayosambaa sana. Tatizo lake ni kwamba akiba iliyothibitishwa ni yale mafuta yanayoweza kutolewa kwa faida kwa bei ya leo na teknolojia ya leo, bei ikipanda akiba nayo inaongezeka hata kama hakuna kisima kipya kilichogunduliwa. Mwanajiolojia M. King Hubbert alitabiri mwaka 1956 kwamba uzalishaji wa Marekani utafika kileleni ndani ya miaka 10 hadi 15, na kweli ukafika kileleni 1970, watu wakamwona nabii. Baadae wakaja na mbinu ya kupasua miamba kwa maji yenye presha kubwa, na kufikia 2018 Marekani ikawa inazalisha kuliko ile rekodi ya 1970. Kwa hiyo anayekupa tarehe ya mafuta kuisha anakudanganya, au amejidanganya mwenyewe kwanza.

Kitakachotokea ni kingine na kwa mwenye gari ni kibaya zaidi kuliko kuisha. Mafuta ghafi hayatoi petroli peke yake, pipa la lita 159 likiingia kiwandani linatoka gesi ya mitungi, petroli, mafuta ya ndege na ya taa, dizeli, mafuta mazito ya meli na mwisho kabisa lami, vyote kwa pamoja. Ni kama kuchinja ng'ombe, huwezi kusema leo nataka maini tu. Sasa petroli ikikosa wanunuzi kwa sababu nchi tajiri zimehamia magari ya umeme, kiwanda hakiwezi tu kupunguza petroli na kuendelea na mengine kama zamani, hesabu yake yote inavurugika. Vingine vitafungwa. Vituo vya mafuta navyo vinaishi kwa kuuza lita nyingi zenye faida ndogo, lita zikipungua nusu kituo hakipunguzi nusu ya gharama zake, kinafunga. Maana yake mtu anaweza kukosa wese huku mafuta bado yamejaa ardhini. Ndo maana naona hili suala si la wajukuu, ni la mtu anayenunua gari leo akitegemea litembee miaka 15 au 20.

Sasa tuje kwenye mbadala wenyewe, na nianze na wa zamani maana historia inafundisha kuliko matangazo. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 injini ndogo ya dizeli ilitembezwa kwa mafuta ya karanga, na ilitembea vizuri kiasi kwamba waliojua ni watu wachache tu, Rudolf Diesel mwenyewe aliandika hivyo baadae. Baada ya hapo ikaja gesi ya kuni. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia petroli ilipochukuliwa na majeshi, magari ya raia huko Ujerumani, Sweden, Ufaransa na kwingineko yalifungwa mitambo ya kuchoma kuni au mkaa, mingi ikifuata muundo wa Mfaransa Georges Imbert. Jinsi inavyofanya kazi ni kwamba kuni zinawashwa ndani ya pipa la chuma lililozibwa vizuri na kupewa hewa kidogo makusudi, zisiungue zikaisha, hapo zinatoa kaboni monoksaidi na haidrojeni, hiyo gesi inapozwa, inachujwa masizi na lami, halafu inavutwa na injini mahali pa petroli. Kilo tatu hivi za kuni kavu zinafanya kazi ya lita moja ya petroli.

Na ilikuwa kazi haswa. Dereva anawasha mtambo mapema na kusubiri gesi itulie kabla hajaondoka, njiani anasimama kuongeza kuni, jioni anatoa majivu na kusafisha chujio, nguvu ya injini inashuka karibu nusu, kwenye mlima gari linatambaa, na ile kaboni monoksaidi haina harufu, ikivuja kwenye gereji iliyofungwa inaua. Lakini magari mamia ya maelfu yalitembea hivyo kwa miaka. Vita ilipoisha na petroli ikarudi, mitambo ikatupwa karibu yote. Mimi hapo najifunza kwamba kuiwezesha injini itembee bila mafuta ya ardhini tuliweza tangu zamani sana, na pia kwamba watu walifanya hivyo kwa kukosa namna tu, tena kwa magari machache kwa kulinganisha na ya sasa. Ukiweka gesi ya kuni kwenye magari ya leo yote misitu haifiki mbali.

Mbadala ninaouheshimu kuliko yote ni ethanoli, na ukizungumzia ethanoli unazungumzia Brazil. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipolipuka Brazil ilikuwa inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake kutoka nje, na ilikuwa na miwa mingi, basi 1975 serikali ikaanzisha mpango wa Proálcool. Mwaka 1979 Fiat 147 ikatoka ikiwa inatumia ethanoli tupu, na katikati ya miaka ya 80 zaidi ya asilimia 90 ya magari mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya ethanoli. Halafu ikaja 1989. Bei ya petroli ilikuwa imeshuka, sukari ikawa inalipa vizuri kwenye soko la dunia, wenye viwanda wakapeleka miwa kwenye sukari na ethanoli ikapungua vituoni, foleni zikawa ndefu na wenye magari wakajiona wamesalitiwa. Soko la magari ya ethanoli likafa kwa zaidi ya muongo mzima. Kilichoirudisha si sera, ni Volkswagen Gol ya 2003 yenye mfumo wa kutumia ethanoli, petroli au mchanganyiko wowote, sensa inasoma kilichoko kwenye eksozi na kompyuta ya injini inarekebisha yenyewe. Hapo uamuzi ukahamia kwa dereva, anafika kwenye pampu anaangalia bei anaamua. Leo hata petroli ya kawaida ya Brazil lazima ichanganywe ethanoli, ilikuwa asilimia 27 na mwaka 2025 ikapandishwa hadi 30.

Ukiifungua injini ndo unaona ethanoli inataka nini. Petroli inahitaji hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya mafuta, ethanoli inahitaji kama kilo 9 tu, kwa hiyo injekta lazima zimwage zaidi na pampu iweze kusukuma zaidi, la sivyo injini inakimbia na mchanganyiko mwembamba, yaani mafuta kidogo hewa nyingi, inapata moto na inaweza kutoboa pistoni. Nishati kwenye lita moja ni kama theluthi mbili ya petroli, tangi lile lile linakufikisha karibu zaidi. Kwa upande mwingine okteni yake, yaani uwezo wa kubanwa bila kujiwasha kabla ya wakati, ni ya juu, inavumilia kompresheni kubwa bila kugonga, kwa hiyo injini iliyotengenezwa kwa ajili yake inarudisha kidogo ule upungufu. Inakula baadhi ya mipira, sili na aluminiamu za magari ya zamani. Asubuhi ya baridi haitoi mvuke wa kutosha kuwaka, ndo maana magari mengi ya Brazil yalikuwa na kitangi kidogo cha petroli kwenye boneti kwa ajili ya kuwashia tu. Na kuna jambo moja mafundi wanapaswa kulijua, ethanoli inavuta maji, kwenye petroli iliyochanganywa maji yakizidi ethanoli inajitenga na kutuama chini ya tangi pale pale pampu inapovutia, wakati gari la ethanoli tupu linatumia ethanoli yenye maji kama asilimia 5 na halina shida yoyote.

Kwa nini basi dunia nzima isifanye kama Brazil? Chukua gari linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka na kula lita 8 kwa kilomita 100. Hapo ni lita 1,200 za petroli, ukienda kwenye ethanoli ni kama lita 1,800. Hekta moja ya miwa mizuri inatoa lita 6,000 hadi 7,000 kwa mwaka, kwa hiyo gari moja linataka zaidi ya robo hekta ya ardhi yenye rutuba na maji, kila mwaka, maisha yake yote. Magari bilioni moja yanataka hekta zaidi ya milioni 250. Miwa yote iliyolimwa duniani leo, ya sukari na ya ethanoli kwa pamoja, iko kwenye hekta kama milioni 26. Yaani tuongeze mashamba ya miwa mara kumi, na miwa haioti kila mahali. Marekani wanatumia mahindi na mfano wao unatisha, zaidi ya theluthi moja ya mahindi yao yanaingia kwenye viwanda vya ethanoli na wanachopata ni kama asilimia 10 tu ya kinachomiminwa kwenye matangi ya petroli. Tena miwa ina bahati ya makapi, kiwanda kinachoma makapi yake kujiendesha na umeme unaobaki kinauza, mahindi yanahitaji gesi asilia ya kupikia huo mchakato, kwa hiyo faida halisi ya nishati ni ndogo mno.

Kwa ethanoli msimamo wangu ni huu, nchi yenye miwa, maji na ardhi isiyogombewa na chakula ichanganye ethanoli mpaka asilimia 20 au 30 na isisubiri mafuta yaishe. Lakini anayesema ethanoli itachukua nafasi ya petroli yote hajapiga hesabu.

Upande wa dizeli hadithi inafanana, ila ina kidonda chake. Dizeli ya mimea inatengenezwa kwa kuchukua mafuta ya mawese, soya au ya kukaangia yaliyotumika, unayachanganya na methanoli na kostiki soda kidogo, gliserini inashuka chini na juu inabaki dizeli nyepesi inayoweza kupita kwenye injekta. Injini ya sasa inasukuma dizeli kwa presha ya baa 2,000 na zaidi, ukiwekea mafuta ya kupikia yenyewe tu kama ya ile injini ya Paris yanaganda kwenye nozo na yanaacha ukoko, kwa hiyo wanaojaribu hivyo wanaua injini zao. Kuna aina bora zaidi ambapo mafuta ya mimea au ya wanyama yanapitishwa kwenye haidrojeni, kampuni ya Neste ya Ufini ndo inayojulikana sana kwa hilo, na kinachotoka kinaingia kwenye gari la dizeli bila kubadilisha chochote. Malighafi ndo tatizo. Mafuta yaliyotumika ya kukaangia ni kidogo sana ukilinganisha na dizeli inayochomwa, na ukihamia kwenye mawese unafyeka misitu.

Kidonda nilichosema ni mibono, ile jatropha. Miaka ya 2000 wawekezaji walizunguka Afrika na Asia wakisema mmea huu unaota kwenye ardhi kame, hauhitaji maji wala mbolea, haushindani na chakula, na mbegu zake zinatoa mafuta ya dizeli. Watu walitoa ardhi yao. Kumbe kustahimili ukame si sawa na kuzaa kwenye ukame, kwenye ardhi duni mibono ilizaa mbegu kiduchu, ilipozaa vizuri ni pale palipokuwa na ardhi nzuri na maji, yaani pale pale pa chakula. Miradi mingi ikafa na wanakijiji wakabaki na ardhi iliyofyekwa na mikataba wasiyoielewa. Hili linaniuma kwa sababu ahadi za aina hii zitarudi tena mafuta yakipanda bei, na zitaenda kwa watu wale wale.

Gesi sitaikalia sana. Kufunga mtungi wa CNG, yaani gesi asilia iliyobanwa, kwenye gari la petroli ni kazi inayojulikana, Argentina, Iran, India na Pakistani zina magari mamilioni ya hivyo, inapunguza gharama na moshi, mabasi ya Delhi yalihamishiwa huko kwa amri ya Mahakama ya Juu ya India na kufikia mwisho wa 2002 yote yalikuwa yamehama. Lakini CNG ni gesi ya ardhini, nayo inaisha, na LPG, ile gesi ya mitungi ya kupikia, ndo kabisa, inatoka kwenye visima vile vile vya mafuta na gesi na kwenye viwanda vile vile vya kusafisha mafuta, vikifungwa na yenyewe inapungua. Ni daraja, na daraja zuri kwa anayelihitaji sasa. Gesi ya samadi na takataka ni safi na inaingia kwenye mtungi huo huo ikishasafishwa, Sweden wanafanya hivyo kwa kiasi kikubwa, ila samadi na takataka nazo zina kikomo chake.

Kinachonitia hofu ni makaa ya mawe. Watu wengi hawajui kwamba petroli ya makaa ya mawe ipo na imetumika kwa miongo. Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch waligundua mwaka 1925 namna ya kuchukua kaboni monoksaidi na haidrojeni, kupitisha kwenye kichocheo cha chuma au kobalti na kupata mafuta. Afrika Kusini ilianzisha kampuni ya Sasol mwaka 1950, mafuta ya kwanza yakatoka 1955, na baada ya mgogoro wa 1973 wakajenga kiwanda cha Secunda ambacho hadi leo kinageuza makaa kuwa mafuta, uwezo wake ni zaidi ya mapipa 100,000 kwa siku. Kitaalamu ni kazi kubwa. Kwa hewa ni balaa, ukijumlisha kiwanda na eksozi ya gari, kaboni dayoksaidi inakuwa kama mara mbili ya ile ya petroli ya kawaida, na Secunda inatajwa kati ya sehemu moja moja zinazotoa hewa chafu nyingi kuliko zote duniani. Sasa fikiria bei ya mafuta imepanda mara tatu, nchi ina makaa ya mawe tele na wapiga kura wana hasira kwenye foleni za vituo. Serikali gani itajizuia? Anayetaka kutetea dunia dhidi ya hilo inabidi awe na jibu kwa wenye magari kabla siku hiyo haijafika.

Haidrojeni kwenye pistoni inawezekana. BMW walitengeneza kama magari 100 ya Hydrogen 7 miaka ya 2000 yenye injini ya silinda 12, na Toyota mwaka 2021 waliingiza Corolla yenye injini ya haidrojeni kwenye mbio za saa 24 za Fuji. Nguvu ipo na sauti ya injini ipo. Ila kuihifadhi ndo mtihani, kwa uzito haidrojeni inaishinda petroli mara tatu kwa nishati, kwa ujazo hata ukiibana kwa baa 700 lita moja ina kama moja ya sita ya nishati ya petroli. Ukiigeuza kimiminika lazima iwe nyuzi 253 chini ya sifuri, na tangi linapungua lenyewe gari likiwa limepaki tu. Na haidrojeni haichimbwi kama mafuta, kwa sehemu kubwa inatengenezwa, leo nyingi inatoka kwenye gesi asilia. Kwa malori makubwa na mitambo ya ujenzi inaweza kuwa na maana, kwa gari la familia siioni.

Basi tunafika kwenye ile petroli ya maji na hewa ambayo ndo imeteka mazungumzo yote. Unachukua umeme wa upepo au jua, unapasua maji upate haidrojeni, unachukua kaboni dayoksaidi, unaziunganisha kupata methanoli, halafu methanoli inageuzwa petroli. Hatua hiyo ya mwisho si ngeni kabisa, New Zealand walikuwa na kiwanda Motunui tangu miaka ya 80 kikigeuza gesi asilia kuwa methanoli na methanoli kuwa petroli kwa mbinu ya kampuni ya mafuta ya Mobil, kilitoa kama theluthi ya petroli ya nchi, na kiliacha kutengeneza petroli miaka ya 90 kwa sababu mafuta yalishuka bei na methanoli yenyewe ikawa inauzika vizuri zaidi. Mpya ni kutumia upepo. Mradi wa Haru Oni kule kusini kabisa mwa Chile, karibu na Punta Arenas, ulianza Desemba 2022 ukiwa na Porsche na Siemens Energy kati ya washirika, na petroli yake ya kwanza ikamiminwa kwenye Porsche 911. Gari likawaka na kuondoka kama kawaida. Uwezo wa kiwanda hicho cha majaribio ni lita 130,000 kwa mwaka. Kwa lile gari letu la lita 1,200 ni magari mia moja na ushee.

Wanaoitetea watasema hicho ni cha majaribio tu, vikubwa vinakuja. Sawa, tuseme vinakuja. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama kilowati-saa 9, na kuitengeneza kwa njia hii unatumia umeme wa kilowati-saa 20 hivi au zaidi kwa sababu kila hatua ina upotevu. Halafu hiyo lita inaingia kwenye injini inayopoteza zaidi ya theluthi mbili yake kama joto. Gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100 litaenda kilomita 14. Umeme ule ule wa kilowati-saa 20 ukiutia moja kwa moja kwenye betri ya gari dogo la umeme linaenda kilomita 100 na ushee. Hakuna mhandisi atakayeifuta tofauti hiyo, haitokani na ubovu wa kiwanda, inatokana na safari yenyewe ya umeme kuwa gesi kuwa kimiminika kuwa moto kuwa mwendo. Umoja wa Ulaya mwaka 2023, kwa kubanwa na Ujerumani, ulikubali kuacha mlango wazi kwa magari ya mafuta haya baada ya 2035, na wengi wakasoma hapo kwamba injini imeokolewa. Mimi nimesoma kwamba wenye magari ya gharama kubwa wameachiwa mlango.

Hata hizo lita zikitengenezwa kwa wingi, kuna wanunuzi wenye shida kubwa kuliko sisi. Ndege ya abiria ya masafa marefu haiwezi kubeba betri ya kuvuka bahari. Ulaya imeshaweka sheria kwamba mafuta ya ndege yawe na mchanganyiko endelevu wa asilimia 2 mwaka 2025, 6 mwaka 2030 na 70 mwaka 2050, na sehemu ya hiyo lazima iwe ya kutengenezwa kwa umeme. Mashirika ya ndege yatagombea kila lita. Meli nazo zimeanza kuagiza methanoli, kampuni ya meli ya Maersk ilizindua ya kwanza yake ya makontena mwaka 2023. Jeshi litachukua lake. Halafu kuna matrekta, mashine za kuvuna, magari ya zimamoto na wagonjwa sehemu zisizo na umeme wa uhakika, hawa wote nawaweka mbele ya gari langu na lako na nadhani ni haki. Kikibaki kitu baada ya hapo kitauzwa kwa bei ya mwenye nacho.

Na wenye magari ya mwisho ya petroli hawatakuwa matajiri, ukiacha wale wenye magari ya kifahari ya kumbukumbu. Watakuwa watu walionunua magari ya mkono wa pili na wa tatu kwa sababu ndo waliyoyaweza, kwenye nchi ambazo magari hayo yanatupwa yakichokwa kwingine. Huko ndo zitaingia injini ambazo wenye nazo hawazitaki tena, wakati mafuta yake yanazidi kuwa ghali na spea zake zinapungua. Tena si mafuta ya tangi tu, hata oili ya injini, mpira wa bandia wa kwenye tairi na lami ya barabara vinatoka kwenye pipa lile lile. Kwa hiyo serikali ya nchi inayoagiza magari yaliyotumika ikikaa kimya ikisubiri teknolojia ije kuokoa, inawaachia watu wake mzigo ambao haukuwa lazima. Kuna mambo ya kufanya sasa hivi, kuchanganya ethanoli pale penye miwa, kukagua mitungi ya CNG ili isilipuke, kufundisha mafundi kubadilisha magari mazuri ya zamani kuwa ya umeme, na zaidi ya yote mabasi na treni, maana basi moja lililojaa likipata lita zake limebeba watu ambao wangehitaji magari 40.

Na kwa anayenunua gari wiki hii na hawezi la umeme, fungua kifuniko cha tangi usome kilichoandikwa ndani kabla hujalipa. Magari mengi yana alama pale, E5, E10, E20 au E85, namba ni asilimia ya juu ya ethanoli ambayo paipu, sili na pampu zake zinaweza kuvumilia. Kama hakuna alama angalia kitabu cha gari au muulize fundi anayelijua toleo hilo. Kati ya magari mawili yenye hali moja na bei moja, chukua lenye namba kubwa.